UZI: Mchana unaona vizuri, usiku taa zinakusambaa machoni? Soma hapa kabla hujanunua miwani ya njano

FundiWaLenzi

Habari zenu wadau. Kazi yangu ni kukata lenzi na kuzitia kwenye fremu hapa katikati ya jiji la Nairobi. Kila msimu wa mvua watu hunijia na malalamiko yaleyale: mchana naona sawa, lakini ikishafika saa moja jioni taa za magari zinasambaa, namba ya matatu siisomi mpaka gari lifike mbele yangu, na lami ikilowa ndiyo sioni kabisa mwisho wa barabara uko wapi. Baadhi yao wameshashauriwa wale karoti. Wengine wamenunua miwani ya njano kwa wachuuzi. Wapo ambao hukaa kimya kwa hofu, wakiamini wanapofuka.

Naandika kwa sababu wengi wa hawa wana tatizo dogo linalopimika na kurekebishwa, na wachache wana ugonjwa usiopaswa kucheleweshwa hata kidogo. Makundi haya mawili hulalamika kwa maneno yaleyale, kwa hiyo ni lazima tuyatenganishe.

Tuanze na lile la wengi, kutoona mbali, ambako kitaalamu huitwa maiopia. Jicho la mtu mzima lina urefu wa milimita 24 hivi kutoka mbele hadi nyuma. Mwanga ukiingia hupindwa na konea, ule uso mwangavu wa mbele, halafu na lenzi iliyo ndani, na unatakiwa ukutane sawasawa juu ya retina, utando ulio nyuma. Jicho likirefuka kupita kiasi, mwanga unaotoka mbali hukutana kabla ya kuifikia retina. Ukifika pale tayari umeanza kutawanyika upya. Milimita moja tu ya ziada ni takriban dayopta (kipimo cha nguvu ya lenzi) mbili na nusu hadi tatu. Ile namba yenye alama ya kutoa kwenye karatasi yako ya vipimo inakuonyesha uoni wako safi unaishia wapi: -1.00 unaishia mita 1, -2.00 nusu mita, -4.00 sentimita 25. Kupita hapo ni ukungu.

Swali ambalo watu huniuliza ni hili: kama nina maiopia, mbona mchana siioni?

Jibu liko kwenye mboni. Kwenye jua mboni hujifunga mpaka milimita 2 au 3. Mwanga unaoingia kwenye tundu jembamba hivyo hautawanyiki sana hata kama haukukutana mahali pake. Ndiyo maana mtu asiyeona mbali hufinya macho bila kufundishwa. Giza likiingia mboni hufunguka, na kwa kijana inaweza kufika milimita 7 au hata 8. Chukua mtu mwenye -0.75. Mboni yake ikiwa milimita 3, taa iliyo umbali wa mita 50 humwonekea kama doa la sentimita 11. Mboni ikifunguka hadi milimita 6, taa ileile, pale pale ilipo, inakuwa doa la sentimita 22. Namba yake ya miwani ni ileile. Jicho halikuharibika kati ya adhuhuri na jioni.

Sasa fikiria tarakimu za njia zilizobandikwa kwenye kioo cha matatu. Doa la sentimita 22 linazimeza. 44 na 45 zikija pamoja Thika Road usiku, mtu huyu anasimamisha zote mbili na kumuuliza makanga.

Yapo mengine mawili yanayoongezeka gizani. La kwanza, pasipo na kitu cha kukazia macho, msuli unaoendesha lenzi ya ndani haulegei wote. Hutulia katikati, jicho likawa limejipanga kutazama kitu kilicho umbali wa takriban mita moja ingawa wewe unatazama mbali. Hili huwapata zaidi vijana. La pili, usiku jicho huegemea mwanga wa samawati-kijani: kilele chake huhama kutoka mwanga wenye urefu wa wimbi wa nanomita 555 hadi 507, na mwanga huo hupindwa zaidi kuliko mwekundu. Yote mawili humsukuma mtu upande wa kutoona mbali, hata ambaye mchana hana namba yoyote. Nevil Maskelyne, mwanafalaki wa Uingereza, aliliandika jambo hili mwaka 1789 baada ya kuona kwamba usiku alihitaji lenzi tofauti kutazama nyota. Mwanafizikia Lord Rayleigh naye aliligundua kivyake mwaka 1883. Kwa hiyo wewe unayehisi usiku una macho ya mtu mwingine, hujirogi wala hujarogwa.

Kwetu kuna jambo la ziada. Nairobi iko digrii moja na kidogo kusini mwa ikweta. Jua huzama kati ya saa kumi na mbili na robo na saa moja kasorobo mwaka mzima, na giza huingia upesi, karibu dakika ishirini tu baada ya hapo. Saa hiyohiyo ndiyo ofisi zinamwaga watu. Unatoka kwenye mwanga mkali wa ofisini, unaingia mtaa ambao nusu ya taa hazifanyi kazi, na sehemu ya retina inayoona gizani huhitaji nusu saa au zaidi kuzoea. Kabla hujazoea, boda imekupita ubavuni.

Kipimo cha nyumbani: toboa karatasi ngumu kwa pini, funika jicho moja, tazama kibao cha mbali kupitia kitundu hicho. Maandishi yakikaza na kusomeka, shida yako inaelekea kuwa ya mwanga kutokutana mahali pake, na lenzi itakusaidia. Yasipobadilika, au yakizidi kufifia, usianzie duka la miwani. Anzia kwa daktari wa macho. Hiki si kipimo cha mwisho, ni cha kukuonyesha mlango wa kubisha.

Ulizeni, nitajibu kwa kadiri ninavyojua.

---

DerevaWaUsiku

Asante sana fundi. Mimi naendesha teksi, naingia kazini saa kumi na mbili jioni natoka alfajiri. Nilipimwa nikaambiwa kulia -0.75, kushoto -0.50, na aliyenipima akasema ni kidogo, niende tu. Mchana kweli sina shida. Lakini Mombasa Road usiku, hasa pale watu wanapovuka chini badala ya kupanda daraja, nawaona wakiwa karibu mno. Je, nivae au nisivae?

---

FundiWaLenzi

Vaa, kaka. Mtu anayefanya kazi mezani mchana anaweza kuishi bila lenzi za -0.75 na asidhurike. Wewe kazi yako inaanza pale mboni inapofunguka. Gari likienda kilomita 80 kwa saa linakula mita 22 kila sekunde. Ukimtambua mtu sekunde moja baadaye kuliko ulivyopaswa, tayari umezila mita zile kabla mguu haujagusa breki, na mtu huyo hana taa wala nguo inayong'aa.

Jipime hivi: Uingereza dereva anatakiwa asome namba ya gari kutoka mita 20, kwa miwani yake kama anavaa. Jaribu mchana, halafu jaribu baada ya saa moja jioni mahali penye taa ya barabarani. Ukiweza mchana ukashindwa usiku, una jibu lako.

Tena angalia kama karatasi yako ina safu ya silinda. Hiyo ni astigmatizimu, konea kutokuwa duara sawasawa, na watu wengi wanayo pamoja na maiopia. Ikiwa taa zinakutolea miale mirefu ya kuelekea upande mmoja, juu na chini au mshazari, mara nyingi ni hiyo. Ikiachwa nje ya lenzi ati kwa sababu ni ndogo, usiku utaendelea kulalamika hata namba kuu ikiwa sahihi.

---

BodaWaKayole

Mimi nina ile miwani ya njano, nimeuziwa Gikomba. Nahisi kama inang'arisha. Unasemaje fundi?

---

FundiWaLenzi

Unahisi inang'arisha kwa sababu rangi ya njano hubadilisha ulimwengu na ubongo huipokea kama mwanga. Lakini lenzi yoyote yenye rangi hupunguza mwanga unaoingia jichoni, na usiku mwanga ndicho kitu usichokuwa nacho cha kutosha. Watafiti wa taasisi ya macho ya Schepens, Boston, waliipima mwaka 2019 kwa madereva kwenye mashine ya kuigiza uendeshaji, taa za gari zikiwajia usoni. Miwani ya njano haikuwasaidia kumwona mtembea kwa miguu mapema zaidi. Ukiweza kuiacha, iache.

Kinachosaidia ni mpako wa kuzuia mng'ao kwenye lenzi zenye namba yako. Lenzi ya plastiki ya kawaida isiyo na mpako hurudisha karibu asilimia 4 ya mwanga kwenye kila uso, yaani 8 hivi kwa pande mbili. Zile lenzi nyembamba za namba kubwa hurudisha zaidi. Mwanga huo haupotei, unarukaruka ndani ya lenzi na kukutokea kama taa ya pili hewani. Mpako mzuri huupunguza hadi karibu asilimia 1. Huo nisingeuita anasa kwa mtu anayeendesha chombo usiku.

Na kioo cha kofia yako, ndugu yangu, kikague. Mikwaruzo midogo ambayo mchana huioni hutawanya kila taa inayokujia. Kama ni kile cheusi, kitoe saa kumi na mbili jioni. Wenye magari, futeni kioo cha mbele kwa upande wa ndani pia. Vumbi la Nairobi na mvuke wa pumzi hujenga utando pale.

---

Karanja_wa_Shamba

Fundi, na karoti? Nyanya yangu alitulisha karoti na maini na hakuna aliyevaa miwani kwetu.

---

FundiWaLenzi

Nyanya yako alifanya vyema, ila karoti haifupishi jicho. Ninavyokata lenzi, nalazimika kuurudisha mwanga nyuma mpaka uguse retina. Hakuna chakula kinachofanya hivyo.

Vitamini A ina kazi nyingine. Chembe za retina zinazoona gizani, ambazo ni takriban milioni 120 kwa kila jicho, hutumia rangi fulani kunasa mwanga, na rangi hiyo hutengenezwa kutokana na vitamini A. Ukikosa, zinalala. Huko ndiko kutoona usiku kwa kweli, na kwa mtoto mdogo ni dalili ya hatari, kwa sababu kinachofuata ni konea kukauka na kuharibika. Ndiyo maana watoto wa kuanzia miezi 6 hadi miaka 5 hupewa matone ya vitamini A kila baada ya miezi sita kliniki, na kampeni za Malezi Bora huwafuata wasiofika. Mama mwenye mtoto wa umri huo asikose. Lakini mtu mzima anayekula sukuma wiki, maembe, mayai na viazi vitamu vya rangi ya machungwa, mara chache sana shida yake itakuwa hiyo.

Sifa ya karoti ilikuzwa sana wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Waingereza walieneza habari kwamba rubani wao John Cunningham huangusha ndege za Wajerumani usiku kwa sababu anakula karoti. Ukweli ni kwamba ndege yake ilikuwa na rada, na hawakutaka ijulikane.

---

MamaTatu_Kasarani

Shikamoo fundi. Kijana wangu yuko gredi ya tano, mwalimu amesema anasogea mbele kila akiandikiwa ubaoni. Nyumbani anakaa karibu sana na runinga. Mama mkwe anasema nisimpe miwani mapema, macho yatazoea na kuwa mavivu. Baba yake anavaa -5.

---

FundiWaLenzi

Marahaba mama. Kwanza mpeleke apimwe, na kwa mtoto ni afadhali mahali wanapotumia matone ya kulegeza msuli wa jicho, kwa sababu mtoto anaweza kukaza macho mpaka kipimo kikatoka kikubwa kuliko hali yake.

Kuhusu uvivu wa macho, nasema kwa heshima zote kwa mama mkwe: miwani sahihi haimharibu mtoto. Kumpa lenzi pungufu makusudi kulijaribiwa ili kuona kama kutapunguza kasi ya kuongezeka, na hakukusaidia. Kwenye utafiti mmoja wa Malaysia uliotolewa mwaka 2002 waliopewa pungufu namba zao ziliongezeka zaidi. Jicho la mtoto hurefuka kwa sababu anakua na kwa sababu ya urithi, na baba wa -5 ni urithi tosha wa kukufanya ufuatilie kila mwaka.

Kitu kinachosaidia na hakinunuliwi ni mwanga wa nje. Ndani ya nyumba zetu za ghorofa, taa ikiwa imewashwa, unapata mwanga wa lukisi (kipimo cha mwanga) mia tatu au mia tano. Nje, hata kivulini, ni maelfu, na kwenye jua unapita 10,000. Mwanga huo huifanya retina itoe kemikali iitwayo dopamini, ambayo inaonekana kulizuia jicho lisirefuke ovyo. Taiwan waliingiza mpango huu mashuleni mwaka 2010, dakika 120 nje kila siku, na idadi ya watoto wasioona vizuri, iliyokuwa ikipanda mfululizo, ikaanza kushuka. Mimi hili linaniuma nikitazama mitaa kama Pipeline, majengo yamebanana hata jua halifiki chini na mtoto hana pa kuchezea ila kwenye ngazi. Kama kuna uwanja wowote karibu nawe Kasarani, mpeleke Jumamosi na Jumapili, na siku za shule mwache acheze kabla ya kuingia ndani. Kazi ya nyumbani itafuata.

Na usimngoje alalamike. Mtoto aliyezaliwa akiona hivyo hudhani kila mtu anaona hivyo.

---

Wanjiru_M

Mimi ni -8.25 na -7.50, navaa tangu darasa la tatu. Tangu juzi kwenye jicho la kushoto kuna vidoadoa vyeusi vingi vinaelea, na nikiwa gizani nikigeuza jicho naona mmweko pembeni. Nilidhani ni taa za magari. Ni huu usiku mnaozungumzia?

---

MuuguziWaZamu

Dada Wanjiru, samahani fundi nikikutangulia. Usisubiri wiki iishe. Nenda leo hospitali yenye daktari wa macho na uwaambie maneno hayohayo uliyoandika: vidoa vipya vingi, mmweko pembeni, na namba yako. Jicho lenye maiopia kubwa, kuanzia -6 kwenda juu, ni refu, na retina yake imevutwa ikawa nyembamba. Inaweza kuchanika. Ikichanika peke yake inazibwa kwa leza, kazi ya muda mfupi na unarudi nyumbani. Ikishabanduka ni upasuaji, na kama sehemu ya katikati imebanduka uoni haurudi wote. Ukiona kama pazia jeusi linashuka au kupanda upande mmoja, hiyo ni dharura ya saa hiyohiyo, hata iwe usiku wa manane. Usiendeshe wewe mwenyewe.

Mmweko huonekana zaidi gizani kwa sababu retina inavutwa na kujibu kama imeguswa na mwanga. Wagonjwa wengi hutuambia walidhani ni taa.

---

FundiWaLenzi

Sikiliza muuguzi, dada. Kipimo cha miwani hakionyeshi hili. Mtu anaweza kusoma ubao mpaka mstari wa mwisho na huku retina imechanika pembeni. Kila mwenye -6 na zaidi anahitaji kutazamwa nyuma ya jicho kwa matone ya kufungua mboni, hata akiwa hana shida yoyote. Miwani mipya peke yake haitoshi.

---

Mjukuu_Dagoretti

Babu yangu ana miaka 71. Tangu mwaka jana ameanza kusoma gazeti bila miwani, tukafurahi. Lakini mbali haoni kama zamani, na usiku haendeshi tena, anasema kila taa ina pete. Inawezekana macho kupona na kuharibika kwa pamoja?

---

FundiWaLenzi

Babu hajapona, na pia si wa kukatiwa tamaa. Lenzi ya ndani ya jicho lake inakuwa nzito katikati, ndiyo mwanzo wa aina mojawapo ya mtoto wa jicho. Lenzi nzito hupinda mwanga zaidi, kwa hiyo inamgeuza mzee kuwa mtu asiyeona mbali uzeeni. Karibu kunang'aa, mbali kunafifia. Pete kwenye taa ni kwa sababu lenzi hiyo si safi tena, inatawanya mwanga. Nimeona familia zinakuja kwetu kila baada ya miezi michache kuongeza namba ya mzee, na sisi tunakata lenzi nyingine, na nyingine. Tukiona namba ya mzee inakimbia hivyo, tunapaswa kumwelekeza hospitali, na si kila duka hufanya hivyo.

Kwa upande wenu, kitengo cha macho cha Hospitali ya PCEA Kikuyu hakiko mbali na Dagoretti, na Loresho kuna hospitali ya macho ya Lions SightFirst. Upasuaji wa mtoto wa jicho ni wa kawaida sana sehemu hizo. Wamwangalie na shinikizo la jicho pia, kwa sababu glakoma huanza kula uoni wa pembeni kimyakimya na mzee huitafsiri kuwa ni giza tu.

Jambo lingine kwa watu wazima wote: kama namba yako imebadilika ghafla ndani ya wiki chache, pima sukari. Sukari ikipanda lenzi ya jicho hubadilika nayo na unaweza kuwa mtu wa kutoona mbali kwa muda. Ukikata miwani wakati huo, ikitulia sukari miwani haikufai tena.

---

Otieno_Umoja

Naomba nipinge kidogo. Mimi nina -3, lenzi mpya, mpako upo, kila kitu. Taa za mbali naziona safi kabisa, hazisambai. Lakini stima ikipotea kwenye ploti siwezi kushuka ngazi, najigonga kwenye ndoo ambazo wenzangu wanaziona. Ndugu yangu mkubwa yuko vilevile. Kwa hiyo si kila kitu ni mboni.

---

FundiWaLenzi

Hujanipinga, Otieno. Umeeleza lile kundi la pili nililolitaja mwanzoni, na umelieleza vizuri kuliko mimi.

Tofauti ni hii. Mtu mwenye maiopia isiyorekebishwa anaona kwamba kuna kitu gizani, ila kingo zake hazina mpaka na taa zinavimba. Ukimpa lenzi sahihi, usiku wake unarudi. Wewe lenzi yako ni sahihi na nukta ya mwanga ni safi, lakini mahali penye mwanga hafifu hakuna picha kabisa. Hapo zinazoshindwa ni chembe za retina zenyewe. Upungufu wa vitamini A ni sababu mojawapo. Lakini ikiwa ni wewe na ndugu yako, daktari atataka kujua kuhusu retinitisi pigmentosa, ugonjwa wa kurithi ambao huanza na kutoona gizani na baadaye hubana uoni wa pembeni. Watu wenye ugonjwa huo mara nyingi huwa na maiopia pia, na ndiyo sababu wanabaki wakibadilisha miwani bila kuambiwa ukweli.

Angalieni pia kama mnagonga mabega kwenye milango au kushtuliwa na watu wanaotokea ubavuni. Nendeni wote wawili, na mseme kwamba ni wa familia moja. Wakipima uwanja wa uoni watajua. Na mpaka mtakapopimwa, ndugu yangu, tafadhali usiendeshe usiku.

---

Otieno_Umoja

Kuhusu kugonga mabega ni kweli. Sikuwahi kuyaunganisha. Nitampigia ndugu yangu leo.

---

Kevo_Roysambu

Na ile ya leza inayotoa miwani kabisa? Nina miaka 19, -2.50, nataka niache miwani nione usiku kama wengine.

---

FundiWaLenzi

Kwanza namba itulie angalau mwaka mzima bila kubadilika, na wewe wa 19 huenda bado inatembea. Pili, leza hubadilisha umbo la konea katikati, na wenye mboni pana huweza kubaki na pete na mng'ao usiku, hasa miezi ya mwanzo. Kwa wengi hupungua. Waulize kama watakupima upana wa mboni gizani na unene wa konea kabla ya kukubali. Kama lengo lako kuu ni usiku, mimi ningeanza na miwani sahihi yenye mpako, halafu niamue.

---

DerevaWaUsiku

Nimesoma yote. Naomba unieleze nikienda kupimwa niseme nini, maana mara ya kwanza nilisomeshwa herufi, nikapewa karatasi, basi.

---

FundiWaLenzi

Sema kazi yako na saa zako. Beba miwani ya zamani kama ipo, na karatasi ya zamani. Usiende ukitoka zamu, macho yaliyochoka hukaza na kutoa namba ya uongo. Nenda ukiwa umeshalala vya kutosha. Omba silinda ipimwe hata kama ni ndogo.

Wakishapata namba watakuvisha ile fremu ya majaribio. Omba utoke nayo mpaka mlangoni utazame kibao cha upande wa pili wa barabara, na ukiweza panga uende jioni ya saa kumi na mbili ili utazame wakati mwanga unapungua. Wengine watajaribu kukuongezea robo dayopta kwa ajili ya usiku. Ikikupa herufi zilizokaza bila macho kuvutwa, sawa. Ikikuletea kichwa kuuma, irudishe, kwa sababu lenzi iliyozidi humfanya kijana akaze macho usiku kucha.

Waombe wakutazame nyuma ya jicho pia. Wakikutia matone ya kufungua mboni utaona mwanga mwingi na maandishi ya karibu hutayasoma kwa saa kadhaa, kwa hiyo siku hiyo acha gari nyumbani, panda matatu, na usipange zamu ya usiku huo.